Kijojia Changu, Kisebuano Chake

Jumatatu, 3 Machi

Niseme mapema, wakati mkono bado unashika kalamu: naelewa Kisebuano. Mke wangu hajui. Muuguzi hajui. Wananiona nimelala chali, kitabu cha Kijojia kifuani, wanadhani akili yangu yote imo humo. Kumbe masikio yako jikoni!

Kosa ni lao. Muuguzi huja asubuhi kuniogesha na kunipa dawa. Akimaliza, anamfundisha mke wangu lugha ya visiwa vya kwao, hicho Kisebuano, mezani jikoni, mlango wazi. Mke wangu hasikii vizuri, basi kila neno hulirudia kwa sauti ya mtu anayeita teksi. Nani asingejifunza?

Alianza "kupitisha muda tu". Nami nikachagua Kijojia ili nisiachwe nyuma. Mkaguzi wa shule mstaafu ashindwe na mkewe? Thubutu!

Jumatano, 5 Machi

Leo amekuja fundi wa meno ya bandia. Nimekonda, seti ya chini inacheza. Huyu ndiye mwalimu wangu. Kijojia ndicho alichokulia. Ana namna yake ya kupima kazi. Hanipi kitu cha kutafuna, ananipa neno: gvprtskvni. Konsonanti nane kwa mkupuo, maana kwao ts ni herufi moja, ndipo irabu ijitokeze, moja, imechoka. Meno yakibaki mdomoni, kazi imekwisha.

Jaribio la tatu yakatua juu ya shuka. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza: hiyo ni lugha au kokoto?

Nikayarudisha meno, nikajitetea. Neno hilo maana yake ni "unatumenya". Tazama na sisi: mmenyaji, wanaomenywa na kumenya kwenyewe, vyote ndani ya neno moja! Wajojia ni wenzetu. Kisebuano chake kinatanguliza kitendo, watu wanapanga foleni nyuma.

"Ndiyo," akasema, "kazi kwanza, watu baadaye. Ungeoa huko ungenyooka."

Fundi akafunga mkoba wake huku akitikisa kichwa. "Mzee, huyu bibi humwezi."

Ijumaa, 7 Machi

Mashindano wakati wa chai. Nikatupa karata yangu kubwa: kwa Kijojia, "mama" ni baba.

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Na babu?"

"Babua."

"Basi wanatujua. Wamechanganyikiwa kidogo tu njiani."

Nikaongeza kwamba themanini kwao ni "ishirini nne", kwa hiyo mimi nina ishirini nne na mitatu, umri wa heshima kabisa. Lakini yeye akaja na zito. Kisebuano kina "sisi" mbili! Kita ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe. Kami ni sisi, wewe haumo. Muuguzi alithibitisha huku akinifunga mkanda wa presha. Nikampa mke wangu alama zote za siku, kwa roho safi. Uongo — kwa wivu. Herufi za Kijojia ni nzuri kama ndoano za fedha, hazina kubwa wala ndogo, lakini "sisi" ni moja tu. Kama yetu.

Baadaye nikawasikia jikoni. Mke wangu, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya chini: Kanus-a? Lini? Muuguzi akajibu: Dili na madugay. Si muda mrefu tena.

Hilo halikunishtua. Daktari alipoanza kunipongeza kwa kumaliza uji, nilijua. Kilichonishtua ni mke wangu kuingia na supu, amenawa uso, anatabasamu.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Bei ya vitunguu. Imepanda, wee!"

Nikanywa supu yote.

Jumapili, 9 Machi

Pumzi fupi. Meno yako kwenye glasi. Bila meno hakuna Kijojia.

Jumanne, 11 Machi

Afadhali leo. Nimetembea hadi dirishani! Mke wangu kushoto, muuguzi kulia. Muuguzi: "Hinay-hinay, babu." Mke wangu: "Polepole, we mzee." Nami, kumbe: "Nel-nela." Nikasimama palepale katikati ya chumba. Maana ni ile ile! Na zote tatu zinajirudia, kama mguu mmoja na mwingine. Nilitaka kuwaeleza ajabu hiyo, magoti yakakataa mhadhara. Wakaniketisha juu ya kiti chenye nguo za kupiga pasi, nikauanza hapo hapo.

"Umekalia blauzi yangu ya kanisani," mke wangu akasema, "na bado unafundisha."

Nimecheka mpaka kikohozi kikanikumbuka.

Sasa nimelala, nafikiri. Alihitaji mahali pa kunililia nisipomsikia, akapata Kisebuano. Mimi nilihitaji mahali ambapo hakuna anayeniuliza nimeamkaje, nikapata Kijojia. Nikimwambia naelewa, namnyang'anya chumba chake. Nisipomwambia, anabeba peke yake, na mimi peke yangu, ukuta mmoja katikati, na siku zenyewe ndizo hizi. Mkaguzi mzima, sijui nisahihishe lipi.

Alhamisi, 13 Machi

Yametokea!

Asubuhi walikuwa wanakunja shuka hapa pembeni yangu. Macho nimefumba. Mke wangu akauliza, Kisebuano chake kikichechemea: Nahadlok ba siya? Je, anaogopa? Muuguzi akasema hajui. Pangutan-a siya. Muulize mwenyewe.

Mke wangu akajibu kwa Kiswahili, kwa hasira kidogo: nimuulize nini, atanitolea kokoto zake.

Nikasema, macho bado nimefumba: "Nakasabot ko." Naelewa.

Shuka likaanguka. Halafu: "Mwizi wewe! Tangu lini?"

"Tangu somo la kwanza. Unapiga kelele, mke wangu."

Muuguzi alitoka amejiziba mdomo, mabega yanamcheza. Mke wangu akanipiga na mto — taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi. Akacheka, akalia, akacheka tena. Akahesabu kwa vidole yote aliyowahi kusema jikoni, pamoja na yale ya dada yangu. Nikamwambia yale ya dada yangu ni kweli tupu.

Kisha akavuta kiti. "Haya. Swali umelisikia. Jibu."

Nikafungua mdomo. Kikanijia Kijojia, mbio, kimejipanga.

Akanyanyua kidole. "Hicho hapana. Na changu pia hapana. Sema kwa Kiswahili, ninavyokujua."

Nimeomba nafasi kidogo, na kalamu. Amekubali, mikono ameikunja, jicho halibanduki. Anajua navuta muda. Yuko hapa hapa. Goti lake linagusa godoro. Miaka yote hii namwambia mimi ni mtu wa kukubali mambo. Ngoja neno niliandike kwanza, nione kama linaandikika.

Naogopa.