Ukurasa Wako wa Salamu

Mwanangu mupendwa Murhula,

Wamezima ordinatere yako ya mwisho, ile kompyuta ya kituo cha afya cha kisiwani Idjwi. Najua mutu aliyezikwa hapokei barua, lakini sikutaka habari hii ikufikie kwa mudomo wa mwingine.

Hapa Kadutu bado nauza samaki wadogo, sambaza, na bado najisifu. Ni nani parokiani kwetu asiyejua kwamba mutoto wangu alitengeneza programu ya kutuma barua wakati simu za mukononi hatujaziona? Wenzako wa ofisini walikuwa wanawasha zile ordinatere kuukuu za musaada, nzito kama majiwe ya kusagia, wanaona kioo cheusi na maandishi ya kijani, wanasema zimekufa. Wewe ukaziunganisha na radio ya phonie, ile ya kuitana kwa sauti, barua zikavuka ziwa. Hakuna picha, maandishi matupu. Na mutu wa kwanza uliyemuketisha mbele ya kioo ni mimi, niliyeishia mwaka wa tano wa shule ya primaire. "Maman, soma. Ukikwama mahali, aliyekosea ni mimi." Nilikwama kwenye "expédier". Nikakuambia, andika "tuma". Ukaandika. Basi nawaambia watu nusu ya programu ni yangu, na wewe haupo kunibishia.

Radio ilikuwa inapeleka maneno polepole, na courant ya umeme inakatika ovyo, kwa hiyo kila barua uliipa mistari michache tu. Hapo ndipo yalipomupata jirani yetu, Maman Faida. Dada yake wa Idjwi alimuandikia. Akaanza kama mutu mwenye adabu: anasalimia papa wa nyumba, anasalimia watoto kwa majina, anasalimia wakwe, majirani, waimbaji wa misa. Mistari ikaisha. Maman Faida akaiandika kwenye karatasi, akaitembeza soko nzima: "Muone, hawajanisahau!" Kumbe habari yenyewe, kwamba mama yao yuko mahututi, haikupata nafasi. Alifika Idjwi wamekwisha kuzika.

Siku ile chakula kilikushinda. Wakubwa wako ofisini wakasema ni jambo dogo, watu wafundishwe kuacha salamu. Ulipokuja kuniuliza, nilikasirika kweli. "Mutu anaingia kwa watu na kutupa shida yake mulangoni kama polisi? Kwetu iko vile?" Ukanitazama, ukaanza kucheka. "Hapana, maman. Haiko vile."

Ukatengeneza ukurasa wa salamu. Kila mutu aliandikisha watu wake mara moja tu, na majina yakakaa ng'ambo zote mbili za ziwa. Siku ya barua unabonyeza kitufe kimoja, na kule zinatoka salamu ndefu, jina kwa jina, bila kula mustari hata mumoja. Shida inabaki na nafasi yake yote. Maman Faida alipoujaribu alilia. "Mungeutengeneza mbele, mungeutengeneza mbele mama hajafa," akasema, halafu akakubusu mikono. Ni mutoto wa nani mwingine Bukavu angefikiria kitu kama hicho? Wenye shule ndefu walitaka kuwanyamazisha watu. Wewe ukawapa pa kusalimia.

Na wewe mwenyewe ukajiweka humo. Kila asubuhi ile ordinatere ya Idjwi ikiwashwa, ilikuwa inaandika: "Murhula na maman yake wanawasalimu." Homa ikakuchukua, tukakuzika Nyantende kando ya papa yako, na kule kisiwani ukaendelea kusalimu watu. Miaka hii yote. Huzuni ikinilemea pale sokoni, nilikuwa najiambia: kuna mahali mutoto wangu bado anasema.

Kisha Sista wa kituo akanipigia. "Maman Murhula, tumeletewa ordinatere mupya. Ile ya zamani inatoa moshi, siku moja itatuunguzia dawa. Lakini hatuizimi bila wewe."

Nikapanda boti, mimi ninavyoogopa ziwa. Nilimukuta Sista na infirmier kijana, muuguzi wa kituo. Nikamuuliza huyo kijana, "Kwenye hiyo mupya munasalimiaje?"

"Maman, siku hizi bonjour tunaiandika bjr tu, inatosha."

"Bjr ni jina la nani kwenu?"

Sista akacheka mpaka akashika meza. Kijana akainamisha kichwa, lakini naye alikuwa anacheka.

Wakaiwasha. Jina lako likatoka, kijani. Nilitaka kuwaambia waiache, wasiiguse. Harufu ya waya unaoungua ikajaa chumba, na pale kando kulikuwa na sanduku la dawa za watoto. Sista aliningoja. Nikasema, "Zimeni." Murhula, nilikuzika tena, na safari hii ruhusa nimetoa mimi.

Bandarini wamama wauza mananasi walikuwa wanangojea boti. Sikujua hata mumoja wao. Sijui nilipatwa na nini, nikasikia sauti yangu inasema: "Murhula anawasalimu."

Hawakuuliza Murhula ni nani. Mumoja aliyekuwa ananyonyesha akajibu, "Tunashukuru, maman. Na yeye mumusalimie."

Wenzake wakaitikia, "Mumusalimie sana."

Basi, mwanangu, wamama wa Idjwi wanakusalimu.

Ni mimi, maman yako.