Utani Ulioninyima Kumzika Mama

Malangali, Sumbawanga

Mdogo wangu Kalunde,

Barua yako imefika. Umeianza bila shikamoo, nami nimeitikia marahaba hivyohivyo, maana ukubwa wangu hauondoki kwa wewe kununa. Hujambo lakini? Mguu wa shemeji umepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya Ufipa inanitafuna magoti kama panya ghalani.

Umeniuliza, mama alilala mochwari siku tatu akikungoja, ulikuwa wapi kaka? Kaa chini nikwambie, ukimaliza unitukane vizuri.

Nilipopata simu yenu, kesho yake alfajiri nikapanda basi la Mpanda ili niwahi treni ya kuja huko nyumbani. Nilibeba nusu debe la ulezi kwa pombe ya matanga. Mtoto wa kwanza haendi msibani mikono mitupu. Kiti kimoja nami alikaa mzungu mwenye ndevu, na mfuko wa mgongoni mkubwa kama ndama. Nikamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema haendi kwa mtu, anatembea tu. Nikamwambia kwetu mtu wa hivyo hutafutiwa mganga. Akacheka, akaliandika kwenye daftari.

Kufika Chala, springi ya basi ikakatika, ikabidi tulale hapo. Gesti ilikuwa na chumba kimoja kilichobaki na kitanda kimoja cha kamba, mimi na mzungu wangu. Tulipokaa tu, kamba zikakatika, tukazama wote wawili miguu juu. Mwenye gesti akasema kitanda hakina kosa, sisi ndio wanene. Mimi huyu, Kalunde! Tukalala sakafuni na viroboto wake.

Asubuhi springi ikafungwa kwa mipira, tukaondoka, na treni bado tungeiwahi. Mbele tukakuta kizuizi. Siku hizi nafaka haivuki bila kibali, nami kibali sina. Mgambo akapanda. Mfuko wa mzungu hakuugusa. Wangu akaupiga teke, akauliza mna nini.

Unajua sisi watu wa huko kwetu na Wafipa ni watani. Miaka kumi na moja niko nao. Kazini hatupangi tofali kabla hatujatukanana. Nikaona kizuizi cha Ufipa, nikadhani mtani. Nikamjibu, "Humo yumo babu yako. Tulimnunua kwa chumvi, namrudisha kwetu akalime."

Basi zima likacheka, yeye hakucheka. Kumbe si Mfipa, kaletwa kutoka mbali, hata mwezi hajamaliza. Akaniambia nishuke. Wazee wakamweleza ni utani tu, naye akaona anachekwa mara ya pili. Mama mmoja akanishika mkono.

"Baba, mwachie ulezi, mwombe radhi, upande gari. Una maiti inakungoja."

Nikasema mtu haombi radhi kwa utani. Basi likangoja, likachoka, likaondoka, mzungu akinipungia mkono dirishani.

Mgambo akanipeleka ofisi ya kijiji, nikakaa mpaka jua likaanza kushuka, ndipo akaja katibu, Mfipa halisi. Kusikia kisa akapiga makofi, akaniita mtumwa mtoro, akaamuru nirudishiwe mzigo. Halafu akasema, "Mama yako alikuwa mtumwa wetu mzuri. Nenda ukamzike." Hapo ndipo nilipolia mara ya kwanza. Hivyo ndivyo mtani anavyotoa pole.

Lori la tumbaku lilinifikisha Mpanda kesho yake. Treni ilikwisha kwenda.

Ningeweza kuishia hapo nawe ungenihurumia. Lakini treni nyingine ilikuwapo baada ya siku tatu, na ningewakuta bado mmekaa matanga. Nilikaa stesheni, nikaufikiria uso wako, nikapanda basi la kurudi Sumbawanga.

Msalimie shemeji. Msalimie shangazi aliyemwosha mama, na mjomba aliyetia udongo wa kwanza mahali pangu. Mwambie sitamlipa, deni la namna hiyo halilipiki. Wakikuuliza, usiseme basi liliharibika. Sema kaka alishindwa kuomba radhi kwa mgambo, kisha akashindwa kuwatazama ninyi.

Nawe ukishanitukana, niandikie jambo moja: mmemlaza upande gani wa kaburi la baba? Nikifumba macho sioni pa kumweka.

Ni mimi kaka yako, kama bado unanitaka,
Maganga