Nani Alimtupa Mhunzi wa Miungu

Kwa kaka yangu mkubwa, fundi cherehani,

Shikamoo kaka, na pole kwa kazi ya kulikata hilo sanduku la bati. Najua umeguna kwanza, ndipo ukaenda kuazima mkasi wa bati kwa jirani, maana huo wako wa nguo usingefua dafu. Lakini lehemu ya pembeni umeiona? Pitisha kidole. Hakuna tone, hakuna mahali imeruka. Miaka sabini na mbili na miwani sina. Kwa nini nimeifungia barua humo badala ya bahasha kama watu wengine, nitakueleza mbele. Na hicho kilichoviringishwa kitambaa chini yake usikiguse kwanza. Kaa, usome.

Goti lako vipi? Shemeji mgongo umemwacha, au bado anainama kwa mkono ukutani? Mpe salamu zangu nyingi, mwambie ile bawaba ya kabati niliyomtengenezea mwaka ule wa msiba wa mjomba, ikilia hata mara moja, nirudishiwe niimeze. Mimi ni mzima. Mguu ni ule ule wa siku zote. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mjukuu alitaka nimtajie maneno aandike yeye kwa mashine, nikamwambia aniache, darasa la pili niliondoka nikiwa najua herufi zote. Zimepinda kama misumari iliyong'olewa, lakini zinashika.

Huyo mjukuu aliyekuletea sanduku ndiye binti wa mwanangu wa kwanza, yule mrefu asiyepandisha sauti. Usidanganyike na upole wake. Anatengeneza magemu ya kompyuta. Wako sita kwenye chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la magodoro, kila mmoja na skrini yake na vifaa vya masikioni, kimya kama watu wanaofanya mtihani. Mwaka jana alikuja karakana kwangu na kinasa sauti, akasema wanatengeneza gemu la miungu ya Wagiriki wa kale, na mhusika mkuu ni mhunzi, basi anataka mlio wa nyundo. Nikamuuliza miungu nayo inahitaji mhunzi? Akasema huyo mhunzi mwenyewe ni mungu, jina lake Hefesto, na ni kiwete. Kaka, nilicheka mpaka nikaweka koleo chini. Nikamwambia basi hakuna haja ya kutafuta mwingine, mmeshafika.

Nikampigia chuma asubuhi nzima. Wiki iliyofuata akaniita kusikiliza. Nikapanda ngazi zile, zina vidato ishirini na tatu na hazina pa kushika, nikawekewa vifaa masikioni, nikasikia uchafu. Walikuwa wamekata mapigo matupu! Unakumbuka mkono wa baba: moja kwenye chuma, mbili ndogo kwenye fuawe tupu, moja kwenye chuma, mbili kwenye fuawe. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema unajua baba yuko hai kwa kusikia zile mbili ndogo, hata ukiwa mbali na nyumba. Hao vijana waliona ni kelele zisizo na kazi, wakazifuta. Nikawaambia mkono usiopumzika kwenye fuawe haumalizi hata jembe moja, sembuse ngao ya mungu. Mwenye miwani akajifanya kunifundisha kwamba mchezaji hatajua tofauti. Nikamwambia mimi nitajua, na huyo Hefesto atajua, tumeshakuwa wawili. Wakarudisha. Toka siku hiyo wakanipa kiti changu mle ndani, wananiita Mzee wa Miungu. Bila mimi gemu lile lingekuwa katuni.

Ngoja nikueleze lilivyo, maana nalijua kuliko waliolitengeneza. Wenzao wanaotengeneza magemu ya miungu huweka mapanga na damu. Mjukuu wangu alikataa. Kwenye gemu hili wewe ni Hefesto, unakaa karakana chini ya mlima, na wale wakubwa wa huko juu wanakuletea vitu vilivyovunjika. Kila mmoja anakupa maelezo yake kimevunjikaje, na karibu wote wanadanganya. Kazi yako ni kuangalia mpasuko, ujue ukweli, ndipo utengeneze. Hiyo nani alimfundisha? Akiwa mdogo hivi nilikuwa namkalisha kwenye gunia la makaa, namwonyesha: chuma kilichochoka kina mistari mistari mpasukoni, kilichopigwa ghafla kinameta kama chumvi. Mteja anaweza kuapa mpaka jasho limtoke, wewe tazama mpasuko.

Basi anakuja Zeu, mkubwa wao, mwenye radi. Vitabuni ni mfalme wa kutisha. Humu ni bosi anayepiga kelele toka kwenye ngazi, analeta radi zimekuwa butu kwa kumtupia kila mtu, anasema zimeharibiwa na mvua. Anakuja Herakle, yule shujaa mwenye nguvu. Badala ya kuua simba anakuja na komeo mkononi, ana haya, anasema upepo umevunja mlango wake. Ukiangalia mpasuko unaona amelivunja mwenyewe kwa kufunga mlango tu. Mwili hana pa kuuweka maskini. Nilimpenda sana. Anakuja mama yake Akile, kijana shujaa wa vita, kuagiza vazi la vita la mwanawe. Hapo nilisimamisha kazi yao nzima. Waliniambia huyo kijana anakufa kwa kupigwa kisigino. Nikauliza, fundi gani alipima mtu akasahau kisigino? Nilisema msimvunjie heshima mwenzangu. Mjukuu akafikiri siku mbili, akaja na jibu: yule mama analeta vipimo mwenyewe, na cha kisigino anakificha, kwa sababu akikitaja atakuwa amekubali kwamba mwanawe anaweza kufa. Kaka, mimi si mtu wa machozi, unanijua. Lakini nilishuka kwenda kuangalia magodoro.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita gemu lilikaribia kwisha, wakaniomba nicheze mpaka mwisho mbele yao wote. Unashika pedi, kidude cha mikono miwili chenye vitufe, na vidole vyangu vikikaa pale vinafunika vitufe vitatu kwa pamoja, lakini nilishazoea. Nilikwenda vizuri. Nilimpa Zeu radi zake na maneno yake. Mwisho, karakana ikawa tupu, hakuna mteja. Kitu cha mwisho kutengeneza kilikuwa chuma cha kushikilia mguu wa Hefesto mwenyewe. Gemu likauliza: nani alikuangusha toka mlimani?

Kulikuwa na majibu mawili, baba au mama. Nikabonyeza baba, kitufe kikagoma. Nikabonyeza mama, kikagoma. Ndipo likatokea la tatu: hakuna aliyenitupa.

Nilisimama kaka. Niliwaka. Nikawaambia wamemtukana mungu wa watu. Mtu analemaa kwa kuonewa, ana karakana yake, ana heshima yake, ninyi mnamwambia alianguka kwa ujinga wake? Shujaa lazima awe alitupwa! Yule mwenye miwani akaziba mdomo, sijui alicheka. Mjukuu wangu hakupandisha sauti. Akaniambia, babu, vitabu vya Wagiriki wenyewe vina habari mbili. Moja inasema baba yake alimrusha, nyingine inasema ni mama yake. Anguko moja, mikono miwili tofauti. Akasema wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mteja akileta kitu kimoja na maelezo mawili, tupa yote mawili, tazama mpasuko.

Niliweka pedi juu ya kiti, nikashuka vidato ishirini na tatu, na wiki mbili sikukanyaga pale. Alipokuja kuniuliza nikasema ni mguu.

Mguu wenyewe, kaka. Marehemu mke wangu nilimwambia punda alinipiga teke. Akafa akichukia punda bila kosa. Wanangu niliwaambia niliruka toka dirisha la nyumba inayoungua nikiwa na mtoto wa watu mkononi, na nikiwa na wasikilizaji wazuri wanakuwa watoto wawili. Na baba, unajua nilimwambia nini.

Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na moja. Paa la karakana lilikuwa na bati jipya, baba ametukataza kupanda. Nilipanda ili nitembee juu kwenye mgongo wa paa kama alivyokuwa akitembea yeye akipigilia misumari, mikono imetanuliwa. Wewe ulikuwa chini. Ulikuwa unaniita nishuke, unasema taratibu, weka mguu penye msumari, penye msumari kuna mbao. Nikakuambia nitazame. Bati likateleza. Wewe ulikimbia ukanyoosha mikono, nakumbuka mikono yako ilivyokuwa, nikakupitia pembeni nikaangukia kwenye rundo la vyuma. Ulinibeba mgongoni mpaka mlangoni. Baba akatoka na koleo mkononi bado nyekundu, akauliza nani amefanya hivi. Nikasema kaka amenisukuma.

Hakuuliza mara ya pili. Wewe ulisema sikumsukuma, mara moja tu, basi. Wiki ile ukapelekwa kwa mjomba kujifunza cherehani, na nyundo ya baba, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshakuchongea mpini kwa kipimo cha mkono wako, ikaja kwangu. Nilisubiri mguu upone ndipo niseme ukweli. Mguu haukupona. Halafu nikasubiri nikue. Halafu baba akafa. Tumekutana kwenye misiba miaka sitini na tano, tunapeana mikono, unaniuliza hali ya mguu, mimi nakujibu majigambo, na hujawahi kuniuliza swali lile. Hata siku moja! Afadhali ungenitukana mbele ya watu.

Sikusukumwa na mtu. Nilipanda mwenyewe, nikaanguka mwenyewe, na uongo ni wangu mwenyewe. Nimeuandika sasa, hautoki.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye kile chumba. Nikachukua pedi, wakasogea nyuma. Nikabonyeza la tatu. Unajua kinachotokea? Hakuna radi, hakuna mungu anayecheka. Hefesto anafunga chuma mguuni, anaanza kupanda mlima, ngazi moja moja, na kinachosikika ni nyundo tu: moja kwenye chuma, mbili kwenye fuawe. Yanakuja majina ya waliofanya kazi. Langu lilikuwepo, wameandika mapigo ni ya babu kwa nyundo ya baba yake. Nikamwambia mjukuu afute hapo, aandike kwa nyundo ya kaka yake. Akanitazama. Nikamwambia andika nilivyosema, mimi ndiye Mzee wa Miungu humu ndani. Ameandika. Hajui kwa nini, na ukitaka umweleze wewe, una ruhusa. Mimi nikimweleza, najijua, nitaongeza punda.

Na sanduku je. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza nilizitia makaani kabla mjukuu hajaja kuzichukua. Ya tatu nikaona niifunge kwa lehemu iliyonyooka kuliko zote nilizopata kupiga, kwa sababu moyo wangu unaweza kubadilika, lakini kuharibu kazi safi niliyoifanya mwenyewe siwezi, hata nikishikiwa panga. Unaona basi, kiburi changu kimefaa mara moja.

Sasa fungua kitambaa. Kichwa ni kile kile, alama ya baba iko upande wa nyuma, piga jicho. Mpini wako wa mwanzo ulivunjika nikiwa na miaka ishirini, huu nimeuchonga juzi. Kipimo nilikisia kwa mkono wako nilioushika kwenye msiba wa mwisho. Kama haukukaa vizuri, usiupige randa mwenyewe, utauharibu, wewe ni fundi nguo. Njoo nao. Karakana ni ile ile, bati la paa nimebadilisha, na fuawe ya baba haijasogea. Hujakanyaga humo toka siku ile. Njoo upige moja. Mimi nitakaa kwenye gunia la makaa, sitasema neno, na kama ujuavyo hilo kwangu ni kazi kubwa kuliko kupanda mlima.

Kama hutaki kuja, usinijibu kwa kitu kingine. Nyundo usirudishe. Nimeshanunua nyingine, ni mbaya sana, inanitosha.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani, na cherehani yako iendelee kukimbia. Mwangalie huyo mjukuu ale ashibe kabla hajarudi, akianza kufikiri husahau.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupita pembeni mikono yako ikiwa wazi,

Cheche