Spika Kubwa za Boti

Kawe, Jumamosi.

Tajiri kachukua zile kubwa. Anataka boti yake isikike kuliko zote zinazopeleka wageni kisiwani, na muuzaji kamwapia kuwa haziliwi na chumvi. Mie nahodha nilitaka ndogo, lakini nani kaniuliza.

Kabla hajalipa, nilimwomba Hamisi, fundi wetu wa injini, avuke barabara aniite kwa nguvu zake zote huku kanda inapigwa kwenye hizo kubwa pale dukani. Nikampa mgongo, nikasikiliza.

Yule dada mgeni aliyeanguka toka botini kwetu akazama mwaka jana, aliniita akiwa karibu kuliko hapo. Na spika zilikuwa za zamani, ndogo.

Nilipogeuka, Hamisi alikuwa amekaa barazani, kashika koo.

"Kaka, mara zote hizo hukunisikia?"

Kesho nazifunga botini mwenyewe.