Vibichi Kushoto, Vilivyoiva Kulia

Jumanne, 4 Machi

Basi ni rasmi. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Furaha kidogo, woga tele. Msimamizi aliyeondoka tulimwita Radi. Ukikosea mbele yake useme? Thubutu! Unafukia. Fundi wa mashine ya mvuke alijibu kila swali "sijui", mpaka tukamwita hivyo: Sijui.

Leo nimewaambia — anayekosea aje kwangu mapema, na jina lake litaishia kwangu. Wamenitazama kama watu wanaouziwa mbuzi kwenye gunia. Nikatia mikono mifukoni.

Jumatano, 5 Machi

Wanalalamika joto. Nimegeuza meza ya kufungia vifurushi vya vyombo ielekee dirishani. Wamepata upepo, wamecheka kidogo. Usiku huu nitalala.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Kwetu vifurushi vibichi huwekwa rafu ya kushoto, vilivyoiva — vilivyopita kwenye mvuke — kulia. Leo asubuhi Kimya, binti anayefunga vifurushi, kaja mlangoni midomo imemkauka. Meza imegeuka, rafu ya kushoto sasa iko kulia kwake, mkono haujageuka. Kaweka vibichi kwenye rafu ya vilivyoiva, na kimoja kimeshapanda chumba cha upasuaji. Tepe ya kifurushi ingewaonya, maana haikubadilika rangi kama ibadilikavyo kwenye mvuke, lakini huko juu hakuna aliyeitazama.

"Ningenyamaza, dada," akasema. "Ila wewe ulisema tuje."

Nikarukia simu. Mgonjwa kalazwa tayari, kisu bado. Daktari kanitukana mpaka sikio likawaka moto. Wameahirisha. Mgonjwa mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Mkurugenzi wa hospitali anataka jina. Jumatatu asubuhi. Anasema mmoja akitoka, wengine watashika adabu. Nikamwambia aliyekosea ndiye aliyemwokoa mgonjwa. Akasema hakuniita nimhutubie.

Nikimtaja Kimya, hakuna atakayekuja tena kwangu, na siku moja kibichi kitamfikia mtu. Nisipomtaja, natoka mimi.

Kimya amefunga vifurushi huku analia, anajifuta kwa bega ili asichafue mikono. Meza nimeirudisha ilivyokuwa.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu anasema mzigo wa mwenzio usijitwike, tuna watoto wa kusomesha. Nikamwambia meza niliigeuza mimi. Akaniongezea chai. Sikuinywa.

Mimi ni mwoga tangu utotoni. Mbwa, giza, wakubwa wa kazi. Nani alifikiri niongoze watu?

Jumatatu, 10 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi yake. Katibu wake kasema nisubiri. Naandika ili mikono ipate kazi. Nimeamua: nitasema meza niliigeuza mimi, na jina nililokuja nalo ni langu tu.

*

Simu. Chumba chetu. Nilidhani ni Kimya — kumbe Sijui! Anahema.

"Dada, nimekosea. Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati. Nikatoa vifurushi nikijua havijaiva. Niliogopa kuchelewesha, na leo ndiyo leo yako na Mkurugenzi. Vimepanda."

Nikamuuliza vingapi. Nilingoja lile neno lake. Akasema vinne, na akavitaja kimoja kimoja.

Nimepiga simu juu nimesimama hapa hapa, katibu ananitolea macho. Wamevisimamisha vyote. Nikampigia tena Sijui, nikamwambia asante. Alikuwa analia, mtu mzima yule. Akaniuliza kama atafukuzwa. Nikasema hapana. Sijui nimeitoa wapi hiyo hapana.

Mkurugenzi katoka mlangoni, simu sikioni, daktari anapiga kelele ndani yake hata mimi namsikia. Kaniuliza kama huyu wa leo ni yule yule wa Alhamisi. Nikasema hapana, huyu ni mwingine. Kaguna. Karudi ndani, kaacha mlango wazi. Ananiita.