Simu Inayomwandikia Mama

Chumba cha mbele, penye cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Fundi Lifti,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila nimeamua kuitikia mapema tusipoteze muda. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje na huko kuingia kwenye mashimo ya lifti kila siku? Unakula, au bado unashindia chai na kujidanganya kwamba umeshiba? Huku sisi tu wazima. Mimi macho ndiyo yameanza kunigomea, kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni ugomvi mtupu. Mama anakula, analala, anagomba kama kawaida, isipokuwa jambo moja ambalo ndilo limenishikisha kalamu.

Nimetumia karatasi na bahasha kwa sababu kwenye simu umetufungia milango yote. Nikipiga hupokei, nikiandika husomi. Barua hii naituma kazini kwako, maana huko hata mtu aliyenuna hulazimika kufungua bahasha yake mbele za watu. Nakuomba usiikunje kabla hujafika mwisho.

Nianze na maajabu, kwani nisipoyasema nitapasuka. Mama amewekewa kitu kwenye simu yake. Unaongea, nayo inaandika. Si baadaye, ni palepale! Neno likitoka mdomoni linatokea kwenye kioo, herufi kubwa kama za vichwa vya magazeti. Siku ya kwanza nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono, na simu ikangoja. Nilipoutoa mkono nikasema "jamani", nayo ikaandika "jamani". Mwili ulinisisimka, mdogo wangu. Ninajua kuna watu wameizoea na hawaioni kitu. Mimi bado sijaizoea na sitaki kuizoea.

Mama unamjua, amepiga chapa maofisini mpaka anastaafu, wakubwa wakitembea chumbani na kusema, yeye akiandika bila kuinua uso. Basi alipoona maneno yanakimbia kwenye kioo akauliza, "Nani huyo anapiga chapa humo ndani?"

Nikamwambia hakuna mtu. Akanitazama kama nimemficha mgeni. Akasoma tena, akasema, "Mkono anao mwepesi, ila koma hazijui."

Tangu hapo kamfanya mtu kabisa, kampa na jina, anamwita Karani. Kila asubuhi lazima amkosoe. Karani naye ana vituko vyake. Mama akipiga chafya, anaandika "Chai." Nikikaa kushona, anaandika "dada dada dada dada" mpaka niinue mguu kwenye pedeli. Fikiria, miaka yote hii cherehani inaniita na mimi siitiki! Nilicheka hadi nikajichoma kidole.

Sasa Mama kapata ugonjwa wa maswali. Tukiwa tunakunja nguo za wateja ananiuliza, "Hivi, kama Karani angekuwepo enzi zangu, bosi angenifukuza mimi au angemchumbia yeye?" Siku nyingine akauliza mtu akinyamaza kwa hasira Karani huandika nini. Tukajaribu. Tukanuniana kabisa, midomo imefumbwa, tunakitazama kioo. Hakikuandika kitu. Mama akasema, kumbe naye kuna mambo yanampita.

Na mimi yamenipata hayohayo maswali. Kama lifti zako zingepewa masikio na mdomo, zingetusimulia nini juu ya watu wanaopanda pamoja kila siku bila kutazamana? Na kama simu ingetangulia kuja duniani kuliko salamu, tungeanzaje kuongea? Hili la pili lisikuchekeshe sana, ndilo linaloniingiza kwenye habari yenyewe.

Mdogo wangu, Mama hasikii.

Niligundua kwa mzaha. Unakumbuka anavyochukia cherehani ikilia saa ya taarifa ya habari? Nikaona wiki zinapita halalamiki. Nikadhani uzee umemfunza upole. Siku moja amenipa mgongo, anapanga sahani, nikamtania, "Mama, nyumba inaungua!" Akaendelea kupanga sahani. Nikasema tena kwa sauti ya juu. Akachukua sahani nyingine, akaipangusa, akaiweka juu ya zile nyingine taratibu. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari wa masikio alimpima akasema sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na mabaki, na kwamba hali hiyo si ya jana wala juzi. Kifaa cha kuvaa sikioni kimeagizwa. Ni yeye daktari aliyetuwekea Karani, tuwe tunaelewana wakati tunangoja.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza kupitia kioo cha simu, nikiwa nimekasirika na huku nataka kulia, amewezaje kutuficha. Na hasa kwenye simu, mbona alikuwa anaongea na watu wote? Akacheka kwa aibu. Akasema, "Nikikutazama nabahatisha midomo yako. Kwenye simu ni rahisi zaidi. Mtu akipiga, anaanza na shikamoo, nasema marahaba. Halafu ataniuliza hali, nasema sijambo. Namuuliza za huko, nangoja kidogo, nasema vizuri sana, tumshukuru Mungu. Halafu nasema wasalimie wote. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka."

Nilisimama katikati ya njia. Hebu fikiria jambo hilo na wewe. Salamu zetu zimepangwa vizuri kiasi kwamba mtu asiye na masikio anaweza kuzipita zote mpaka mwisho bila kujikwaa, na wa upande wa pili akakata simu ameridhika. Nimewasalimia watu wangapi hivyo mimi mwenye masikio yangu mawili? Nimestaajabia simu inayoandika, lakini hili la Mama lilinistaajabisha zaidi.

Halafu nikakukumbuka wewe.

Nilikuwa na ule ujumbe wako wa mwisho. Uliniandikia kwamba umempigia Mama, amekuuliza za huko, ukamwambia mkeo amekuacha na nyumba ni tupu, naye akakujibu, "Vizuri sana, tumshukuru Mungu." Ukaniandikia kwamba basi, umemjua mama yako. Mimi niliumia lakini sikushangaa sana, na wewe vilevile, kwa kuwa sote tulijua ndoa ile hakuipenda tangu mwanzo. Nilipomuuliza wakati ule mmeongea nini, aliniambia, "Tumeongea vizuri, wote hawajambo." Nikaona ni kiburi. Kumbe maskini alikuwa anajibu mahali panapojibiwa.

Hakuwa na habari, mdogo wangu. Mpaka juzi alikuwa hajui kama mkeo ameondoka. Alikuwa ananiuliza mbona mtoto wake amechoka kumpigia, na mimi najifanya nina kazi nyingi.

Nilimwambia juzi asubuhi, tumekaa kwenye kochi lile lililochanika, simu iko katikati yetu. Ningeweza kumwonyesha ujumbe wako akasoma mwenyewe, lakini niliona ukali wake haumstahili. Nikasema kwa mdomo wangu, polepole, na Karani akaandika. Mama alikuwa anasoma huku midomo ikicheza. Alipofika kwenye jibu lake mwenyewe akafunika kioo kwa kiganja, kama mtu anayezuia mwingine asione.

Akauliza, "Nilimwambia hivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama ulikuwa unalia uliposema. Nikamwambia sijui, hilo unalijua mwenyewe. Akaiweka simu mapajani. Hakunilaumu wala hakukulaumu. Alichosema ni kimoja tu, "Alikata simu akaenda kukaa peke yake kwenye nyumba tupu." Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, maana sikuweza kumtazama.

Mpango wetu ni huu. Ukipiga namba yangu, nitaweka spika, na simu ya Mama itakaa kando yake iandike unachosema. Ongea taratibu, usikate maneno. Ukicheka, useme kwamba umecheka, kwa sababu Karani kicheko hakijui na Mama atakidai. Nimejaribu na binamu yetu wa gereji, imekubali vizuri, isipokuwa "breki" aliandikiwa "baraka".

Binamu huyo anakusalimu, anasema gari lako la zamani bado linakohoa. Shangazi anakusalimu na anataka kujua kama umekonda. Fundi viatu wa hapo mbele kila siku ananiuliza habari zako, nami namwambia vizuri sana, halafu najishtukia. Mwenyezi Mungu akutunze huko uliko, akuinue ulipoangukia, na akupe usingizi wa kutosha. Nimekukumbuka mno, mpaka ubishi wako nimeukumbuka.

Wako akupendaye daima,
Dada yako wa cherehani.

Mama ameninyang'anya kalamu, haya yafuatayo ni mkono wake:

Mwanangu, nipigie. Usiniamkie wala usiniulize hali. Anza na ile habari yako, useme yote, nami nitakupa pole. Salamu tutazisema mwisho.