Futi Saba kwenye Kigingi cha Sita

Suma, Jumamosi, 12 Oktoba 1974

Ukungu umelala juu ya migomba tangu asubuhi, lakini moyo wangu ni mweupe.

Juma lililopita kijiji kiliamua kuchimba mfereji wa maji, kutoka chemchemi hadi tangi la shule. Nilipigilia vigingi kumi, kila hatua hamsini kimoja, na kaya zikapiga kura kugawana vipande. Wote wachimbe futi tatu, asionewe mtu. Tulipiga makofi. Hata mimi, katibu wa kijiji niliyemaliza kidato cha nne.

Makofi yale yalikuwa kosa langu.

Jana nilipima kwa mpira mrefu wa bomba uliojaa maji, ambayo husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, nikachora kwenye karatasi ya miraba. Chemchemi iko futi kumi juu ya tangi, basi mstari wangu ukaanzia kumi. Hatua mia tano, kushuka futi kumi: kila kigingi, mraba mmoja kulia, mmoja chini. Nikaweka nukta, nikaziunga kwa rula. Hapo ndipo maji yatapita. Kisha nikachora ardhi ilivyo. Kwenye kigingi cha tatu iko futi moja tu juu ya mstari. Kwenye cha sita, kilimani, futi saba. Tukichimba wote futi tatu, mfereji utapanda na kushuka kama ardhi, na maji yatalala bondeni.

Leo mkutanoni niliwaonyesha wanakijiji karatasi. Mzee Gwakisa, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko jembe lake, akauliza kigingi cha tatu ni cha nani.

Cha kwetu.

Na cha sita? Cha Mama Atupele, mjane mwenye mabinti wawili wadogo. Watu wakaguna.

“Ndugu Katibu,” akasema Mzee, “penseli yako inakupenda sana.”

Walicheka. Ningeweza kuwaambia kwamba kura zilitangulia mchoro. Ni kweli, lakini ukweli huo usingechimba hata shubiri moja. Mwenyekiti akapendekeza turudi kwenye futi tatu, tupate amani.

“Mstari hauwezi kuhama, Mzee,” nikasema. “Mimi naweza. Nipeni cha sita, Mama Atupele achukue cha kwetu.”

Nakiri sikumuuliza baba. Yeye akaomba aone karatasi. Aliishika kichwa chini miguu juu, nami sikumgeuzia.

Mkutano ulipokwisha, Mama Atupele alinishika mikono miwili. “Ndaga, mwanangu,” akasema, asante ya kwetu, akaondoka. Mzee Gwakisa alibaki, akiukuna mpini wa jembe.

“Ukifika futi ya tano hutaweza kurusha udongo nje,” akasema. “Lazima awepo mtu wa kuupokea juu. Nitakuja.”

Nimeandika jina lake chini ya langu, kigingi cha sita.

Mstari nina hakika nao. Jumatatu, tukianza kuchimba, nitaijua mikono yangu.